Kinyongo na wadogo zako: jibu kwa dada aliyelelewa kwa shangazi

Pole sana dada. Umesema ulipelekwa kwa shangazi Tabora ukiwa na miaka 5, wadogo zako wakabaki Dar na wazazi, na leo mdogo wako kanunua kiwanja roho inakuuma mpaka unajiogopa. Mi sioni kama una roho mbaya. Mtoto akiachwa hajui habari za ada wala hela ya kula, anajiambia basi mimi ndo sipendwi, anajifunza kunyamaza, asiombe kitu, asilie mbele za watu, huku moyoni anahesabu nani kapewa nini, na hiyo hesabu ndo umekua nayo. Hujajitungia, daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti nzima mwaka 1951 kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao.

Ila wadogo zako hawakuamua chochote. Mwenye jibu ni mama. Mtafute mkiwa wawili, sio kwenye grupu la WhatsApp la familia (nakuomba!), umuulize kwa nini mimi. Anaweza akalia, anaweza akafoka, mwache. Usingizi ukigoma kabisa tafuta mshauri nasaha. Na hicho kiwanja mpongeze kwa meseji fupi tu, kwenda kukiona utaenda siku ukiwa tayari.