Jibu: Nile nini Oaxaca, kule Mexico, kama sili nguruwe na naogopa pilipili?

Dada, anza na mole negro, mchuzi mweusi wa huko. Usitishwe na ule weusi. Unatokana na pilipili kavu zilizochomwa mpaka karibu kuungua, zikasagwa na ufuta, viungo na chokoleti kidogo. Mchuzi ni mzito, una utamu kwa mbali, na ukali wake kwa kawaida si wa kutoa machozi. Humwagiwa kuku au bata mzinga.

Tlayuda ndiyo ya kuwa nayo makini. Ni chapati ya mahindi, pana kuliko sahani, iliyokaushwa ikakakamaa, juu ina maharage ya kupondwa na jibini ya nyuzinyuzi. Tatizo ni asiento inayopakwa chini ya maharage: mafuta ya nguruwe hayo, hata ukiagiza ya tasajo, yaani nyama ya ng'ombe. Mwambie mhudumu "sin asiento", kisha ulizia na maharage kama yana manteca, maana mara nyingi hupikwa kwa mafuta hayohayo.

Chapulines ni panzi wa kukaanga kwa kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Aliyezoea senene wa Bukoba hatashtuka, ila hawa wana uchachu. Nenda saa nane mchana hivi, ndipo wenyeji hula mlo wao mkubwa.