Umeuliza Waranti, Mimi Nimeona Arbuni

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mke wangu tuna miaka 19 ya ndoa. Watoto wamekua, na sasa tumeamua kununua gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, tuzunguke tuone dunia. Tumepata moja lililotumika miaka 12, safi kabisa, nimeshatoa arbuni. Muuzaji ananishauri nichukue na waranti ya nyongeza ya miaka 3 ili kila kitu kiwe kimekingwa, ila bei hiyo ni ya wiki hii tu. Tatizo ni mke wangu. Anataka asome mkataba, anataka fundi wake alikague gari. Ameninunia wiki ya pili sasa, kila asubuhi maswali yaleyale. Nisaini tu, au nimsubiri mtu asiyeniamini?*
*Dereva Njia Panda*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa wiki mbili za kugeuziwa mgongo. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za gari. Mara ya pili nilihesabu "tu" na "ni". Tuna miaka 19, tumeamua, tuzunguke, tumepata. Matamu yote ni ya wawili. Ilipofika zamu ya pesa, ghafla "nimeshatoa arbuni". Huyo "tu" alishukia kituo gani? Naona kabisa kwamba mkeo aliisikia hiyo arbuni ikiwa imeshatoka, na kwamba maswali yake ya asubuhi hayakuanzia kwenye waranti.

Halafu unasema amenuna. Mtu aliyenuna hafungui mdomo. Huyu anauliza, kila siku, wiki mbili. Aliyenyamaza ni wewe.

Na hilo la "fundi wake" nalo limenichekesha. Gari likizima katikati ya mlima, fundi atakuwa wa nani?

Tuje kwenye karatasi yenyewe. Waranti ya kweli huja na kitu kipya kutoka kwa aliyekitengeneza, na gharama yake imo ndani ya bei. Hii ya nyongeza ni mkataba wa matengenezo unaouzwa peke yake, na anayeuuza kwa kawaida ana kamisheni yake humo. Simtukani muuzaji, naye anatafuta riziki. Ila anayekula kwa sababu ya saini yako usimfanye mshauri wa saini hiyo. Na hiyo "wiki hii tu" ni ndoano. Mikataba ya namna hii huuzwa na wengi, bei yake hujadiliwa, na mara nyingi unaweza kuinunua hata gari likishakuwa lako, mradi halijapita umri na kilomita walizoweka. Ukiiingiza ndani ya mkopo wa gari, ujue utailipia na riba.

"Kila kitu kimekingwa", alikwambia kwa mdomo. Mkataba unasemaje? Iko ya aina mbili. Mmoja unaorodhesha vipuri vinavyolipiwa, na kisichotajwa ni mzigo wako. Mwingine unalipia vyote isipokuwa vilivyotajwa kuwa havimo. Huu wa pili ni mpana zaidi na ghali zaidi, lakini hata huo anza kuusoma nyuma, kwenye visivyomo. Huko ndiko utakutana na maneno "kuchakaa kwa kawaida". Gari la miaka 12, mwanangu, nini ndani yake hakijachakaa kwa kawaida?

Maana hilo ni gari na nyumba kwa pamoja, na kila upande una magonjwa yake. Injini, giaboksi na breki ni upande mmoja. Upande wa pili kuna jenereta, ambayo ikikaa miezi bila kuwashwa mafuta hugandia ndani ya kabureta. Kuna friji ya gesi inayotaka gari lisimame sawasawa, na ikiendeshwa muda mrefu gari limeinama, mabomba yake ya ndani huharibika. Kuna kuta za pembeni zinazotoka nje kwa mota kupanua chumba, pampu ya maji, kiyoyozi cha paani. Vyote hivyo vinatikiswa barabarani kutwa nzima. Matairi nayo, hata kama yana meno kama mapya, huzeeka kwa umri. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye mhuri wa ubavuni: 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ni kati ya vitu ambavyo mikataba hii hukataa.

Adui mkubwa kuliko wote ni maji. Gundi ya maungio ya paa ikipasuka, maji huingia taratibu, mbao huoza ndani ya ukuta na kwa nje bado unaona "safi kabisa". Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari hili ukuta wenyewe ndio gari. Uharibifu wa maji kwa kawaida haulipiwi.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo mkeo amekushinda. Karibu kila mkataba wa namna hii unakataa kulipia ubovu uliokuwepo kabla ya tarehe ya kuanza. Giaboksi ikifa mwezi wa pili, watasema ilikuwa inaumwa tangu zamani. Utawajibu kwa nini? Kwa ripoti ya fundi huru, yenye tarehe, aliyepanda paani na kulala chini ya gari kabla hujanunua. Ripoti hiyohiyo unayoiita kukosa imani ndiyo itakayoipa nguvu waranti unayoililia. Bila hiyo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nalo umelilipia.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Watu wanalala kitanda kimoja, wanajua nywila za simu za kila mmoja, lakini kitu cha bei kubwa kikitajwa mmoja anakwenda kuamua na mtu baki mwenye tai. Mwanamume anaona aibu kumwuliza muuzaji swali mara ya pili, asije akaonekana hajui magari. Mke akiuliza kwa niaba yake, anaitwa mkorofi. Na wanawake pia mna yenu, msishangilie sana, mnaonunua kwa siri na kuficha risiti. Leo si zamu yenu.

Jibu langu: usisaini wiki hii. Fundi akague kwanza, akikuta paa limeoza, omba arbuni yako na uondoke. Likipona, ombeni mkataba wote, si kipeperushi. Mwachie mkeo aulize, ana mazoezi ya wiki mbili: nani hasa analipa, muuzaji au kampuni ya bima? Kampuni ikifilisika, nani anabaki? Mnachangia kiasi gani kila mnapoingia gereji, na ni kwa safari moja au kwa kila kifaa? Fundi akifungua injini kabla ya idhini, gharama ya nani? Stakabadhi za sevisi zinatakiwa za tangu lini? Mkiona kwamba injini moja tu ikifa itamaliza akiba yenu, na majibu ni mazuri, nunueni. Kama akiba ipo, hiyo bei ya waranti iwekeni kwenye akaunti ya majina mawili, iwe ya matengenezo tu. Mimi ningeweka akaunti.

Lakini leo jioni, kabla ya yote, mwambie arbuni ni kiasi gani. Barua nzima hukuitaja, na nadhani hata yeye hujamtajia. Mpe na miwani yako asome mkataba. Ukiniandikia tena, mwachie naye nafasi ya mistari kumi, kwa mkono wake mwenyewe.