Je, Tovuti Ijengwe Juu ya Programu-jalizi ya Kampuni Moja?

SWALI: Assalamu alaikum. Ninatengeneza tovuti hapa Lamu. Mwenye nyumba ya wageni ya Shela anataka nimfufulie tovuti yake ya zamani, iliyotengenezwa kwa Flash, programu ya zamani ya kuonyesha picha zinazotembea, na wageni waweze kuzungusha picha za vyumba pande zote. Kampuni moja inasema kazi itakwisha kwa wiki moja tukitumia programu-jalizi yake, yaani programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari, ambayo mgeni ataisakinisha mara moja tu, na kwamba inakubali kompyuta za aina zote. Nikubali?

JIBU: Waalaikumu salaam. Usikubali, na sababu imo katika maneno yao wenyewe. Mgeni anayetafuta chumba Shela huenda yumo botini akivuka kutoka Mokowe, simu mkononi, na kivinjari cha simu hiyo, kiwe Safari ya iPhone au Chrome ya Android, hakina hata mlango wa kuingizia programu-jalizi ya namna hiyo. Kwenye kompyuta nako mlango umefungwa: Chrome iliondoa NPAPI, njia ya zamani ya kuunganisha programu-jalizi, mwaka 2015, na Firefox ikafuata mwaka 2017, ikiibakisha Flash peke yake kwa muda. Waulize basi programu-jalizi yao inaingilia wapi. Wakitaja ActiveX, njia ya Microsoft ya kuunganisha programu kama hizo, wanakurudisha kwenye Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikistaafisha Juni 2022.

Tovuti hiyo ya zamani haikufa kwa kosa la aliyeijenga. Flash ilikuwa mali ya Macromedia, kisha ya Adobe, iliyoinunua Macromedia mwaka 2005. Apple haikuikubali kwenye iPhone tangu simu hiyo ilipotoka mwaka 2007. Adobe nayo ikaacha kuiendeleza kwa ajili ya simu mwaka 2011, ikaacha kuisasisha mwisho wa 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikakataa kabisa kuendesha kazi za watu. Mwezi ule niliitwa na hoteli moja ya Malindi. Palipokuwa na picha za vyumba na kitufe cha kuweka nafasi, palikuwa na kisanduku cha kijivu. Seva ilikuwa nzima, ada zimelipwa, hakuna faili hata moja lililopotea. Ila ruhusa ya kuyaonyesha ilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. (Silverlight, programu-jalizi kama Flash iliyokuwa na Microsoft nyuma yake, haikusalimika pia: ilikoma Oktoba 2021.)

Kazi unayoitaka haihitaji kusakinisha kitu. Vivinjari vyote vikuu vina WebGL ndani yake, njia ya kuchora picha za pande tatu, na juu yake unaweza kutumia Pannellum, maktaba ya msimbo wa chanzo huria iliyotengenezwa mahususi kwa picha za kuzungusha. Inakili kwenye seva yako mwenyewe, usiiite kutoka kwa wengine. Ni kweli kwamba hata watengenezaji wake wanaweza kuiacha siku moja, lakini msimbo utabaki kwako na kivinjari kitaendelea kuusoma. Piga picha moja dakani, nyingine ukumbini palipo na zidaka, kila moja iwe na upana mara mbili ya kimo chake, na uzipunguze ukubwa. Kisha panga picha ya chumba ipakuliwe pale tu mgeni anapoingia chumba hicho, kwa maana bando ni lake.

Kwa yale ya zamani, jaribu Ruffle, ambayo huendesha mafaili ya Flash ndani ya kivinjari bila programu ya Adobe. Hufanya vizuri kwa kazi zilizoandikwa kwa ActionScript, lugha ya msimbo ya Flash, toleo la 1 na la 2, lakini kwa la 3 bado haijakamilika. Mimi ningeitumia kutazamia tu kilichokuwemo, kisha ningemwomba mwenye nyumba picha asilia, ambazo mara nyingi zimo kwenye diski fulani iliyosahauliwa kabatini.

Kabla ya kukabidhi kazi, ifungue kwa simu ya Android ya bei nafuu, kisha kwa iPhone ya kuazima, ukiwa umesimama gatini na bando lako, si ofisini penye Wi-Fi.