Kumtafuta babu mkulima aliyekufa bila cheti: yaliyonisaidia Nzega

Ndugu mleta mada, umeuliza uanzie wapi kumtafuta babu wa baba yako, mkulima wa Tabora aliyefariki kabla ya uhuru bila kuacha cheti wala picha, ilhali ofisini umeambiwa hana kumbukumbu yoyote. Nami nilijibiwa hivyo hivyo miaka sita iliyopita. Cheti sikukipata hadi leo, lakini maisha ya babu wa baba yangu, mkulima wa Nzega (hapa namwita babu tu), ninayo kwa sehemu kubwa, kwa sababu mkulima wa enzi zile aliandikwa pale tu alipokutana na mtu mwenye kazi ya kuhesabu watu, kama vile mtoza kodi, padri au karani wa mkonge.

Kabla ya kitabu chochote, kaa na wazee, na usiwaulize miaka. Nilipoteza jioni nzima nikimuuliza bibi, dada yake babu mzaa baba, kwamba baba yao alizaliwa mwaka gani, naye akanitazama tu kwa huruma. Nilipomuuliza baba yao alikuwa mkubwa kiasi gani reli ilipofika, alijibu papo hapo kuwa alikuwa mchunga mbuzi, na kwamba Wabelgiji walipokuja alikuwa ameshatosha kubebeshwa mzigo. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916, basi nikamweka kati ya 1901 na 1904.

Kitabu cha ubatizo ndicho kilichonipa mengi zaidi. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walianzisha misheni Ndala, huko huko Nzega, 1896, hivyo ukoo wa Kikatoliki wa upande ule una bahati ambayo wengine hawana. Kitabu nilichoonyeshwa kimeandikwa Kilatini kwa wino uliogeuka kahawia, na kila mstari una jina la ubatizo, wazazi, msimamizi, na pembeni taarifa ya ndoa. Mstari wa babu niliupita mara tatu, kwa kuwa mwandishi aliweka "r" penye "l" na kuliunganisha jina la baba yake na neno lililofuata. Nilimtambua kwa jina la mama yake. Alibatizwa 1931 akiwa mtu mzima, na hapo nilikaribia kukosea kwa kudhani ndipo alipohamia pale. Mapadri hao walimtaka mtu mzima asome katekisimu kwa takriban miaka minne, kwa hiyo huenda alikuwa jirani ya misheni tangu 1927. Usimpuuze msimamizi wa ubatizo: wajukuu wa msimamizi wa babu ndio walionionyesha lilipokuwa shamba lake.

Stakabadhi za kodi tulizikuta katika mkebe wa majani ya chai, zimekunjwa mara nne na kuanza kuchanika kwenye mikunjo. Zilitaja utemi na mwanangwa wake, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, isipokuwa mbili zilizokatwa Korogwe. Nyumbani tulikuwa tukiambiwa kwamba miaka ile babu alikwenda pwani kufanya biashara. Korogwe ni nchi ya mkonge, nami naamini alikwenda manamba, yaani kibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge, ingawa baba zangu wadogo hawakufurahi kulisikia hilo.

Hati ya shamba usiitafute, maana ardhi ilitolewa na mwanangwa kwa mdomo mbele ya majirani. Nyaraka za Taifa kule Dar es Salaam nazo zitakueleza habari za wilaya, nzige na mazao, lakini jina la mkulima wa kawaida hulikuti kirahisi, kwa hiyo usifunge safari hiyo kwanza.

Jambo la mwisho ni kwenda kwenye hame lenyewe, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, pamoja na mzee anayelijua, kwa sababu Operesheni Vijiji ya 1974 iliwahamisha wengi, na kijiji unachokifahamu leo huenda babu yako hakuwahi kulala hapo. Sisi tulikuta mwembe mmoja na jiwe la kusagia lililolika katikati hadi kuwa kama bakuli. Bibi alilipapasa, akasema hapo ndipo mama yake alipokuwa akipiga magoti kusaga mtama. Nenda kiangazi, kwa kuwa masika mbuga zile hujaa maji na hutapita, na uchukue barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji, kwani paroko hawezi kumfungulia vitabu kila mpita njia.