Maswali na Majibu: Linux na Amri Zisizouliza Mara Mbili

Barua za safari hii ni nyingi kuliko kawaida, na sababu yake naijua. Tangu Windows 10 ilipokoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wenye kompyuta za zamani wamehamia Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta), wengine kwa hiari yao na wengine kwa kuwekewa na fundi aliyechukua pesa yake akaondoka bila kueleza lolote. Barua zinazosema "haifanyi kazi" bila kutaja ni kitu gani, katika mfumo upi, na ni ujumbe gani ulioonekana kwenye skrini, nimeziweka kando, isipokuwa moja ninayoanza nayo.

Swali: Wifi haifanyi kazi kwenye Linux. Nisaidie haraka. (Kampala)

Hii ni barua ya tano ya namna hii, na kama zile nne zilizotangulia haitaji aina ya kompyuta wala aina ya Linux. Mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza huondoka na Panadol, na Panadol yangu ni hii: chukua simu yako ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, kisha katika mipangilio ya simu uruhusu kushiriki intaneti kwa njia ya USB. Kompyuta itaiona simu kana kwamba ni mtandao wa waya, na karibu kila Linux huutambua bila kudai chochote. Ukishapata intaneti, fungua sehemu ya draiva za ziada, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa vyake, uone kama kadi yako ya wifi inapendekezewa draiva, kwa maana baadhi ya kadi, hasa za Broadcom, hutegemea draiva ambayo wagawaji wengi wa Linux hawaiwashi tangu mwanzo kwa sababu za leseni. Isipopatikana, andika lspci -nn katika terminali (dirisha la kuandikia amri), nakili mstari unaotaja mtandao, unitumie huo. Neno "haraka" usilitume.

Swali: Nilikusudia kufuta nakala za zamani kwa amri ya rm -r, kumbe nimefuta folda yenye picha za harusi ya binti yangu. Kwenye Taka hakuna kitu. Zimekwenda wapi? (Mwalimu, Arua)

Pole sana, mama. Kwanza zima kompyuta sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, na uendelee kulisoma kwenye simu. Amri ya rm haina habari na Taka. Taka ni kitu cha mazingira ya madirisha, na faili huingia humo pale tu unapoifuta kwa kipanya au kwa amri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama gio trash. Amri ya rm hukata uhusiano kati ya jina la faili na mahali ilipo kwenye diski, na nafasi ile huhesabiwa kuwa tupu, tayari kuandikwa juu yake. Kila dakika unayoendelea kuitumia kompyuta, mfumo unaweza kuandika juu ya sura ya bibi harusi.

Ukipata mtu wa kukusaidia, aiwashe kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi badala ya ile iliyo kwenye diski, atumie programu ya PhotoRec, na picha zitakazookolewa azihifadhi kwenye diski nyingine kabisa. Majina ya faili hayatarudi, kwa hiyo jiandae kuzipanga upya moja moja. Haya nayasema nikidhani diski yako ni ile ya zamani inayozunguka. Ikiwa ni SSD, diski isiyozunguka, matumaini ni madogo, kwani Ubuntu (aina moja ya Linux) na jamaa zake huiambia SSD mara moja kwa wiki isafishe sehemu zote zilizoachwa tupu, na zikishasafishwa hakuna fundi wa kuzirudisha, hata akikuambia kwamba anaye rafiki Nairobi mwenye mashine maalumu.

Umeuliza pia, kwa hasira ninayoielewa, kwa nini amri hiyo haikuuliza "una hakika?". Jibu lake liko mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuitengeneza Unix, mfumo ambao Linux imeufuata kwa mfano, katika maabara za Bell huko Marekani. Vituo vya kuandikia vya zama hizo vilikuwa mashine kama Teletype Model 33, zilizochapa kwenye karatasi herufi kumi tu kwa sekunde, kwa kelele kama cherehani. Mtu anayesubiri karatasi namna hiyo hataki amri ndefu wala majibu marefu; ndiyo maana tuna rm, cp na mv (kufuta, kunakili na kuhamisha) badala ya maneno kamili, na ndiyo maana amri ikifaulu hunyamaza kimya. Walioitengeneza waliitengeneza kwa ajili yao wenyewe na wenzao, watu waliojua walichokuwa wakikitaka. Ukimya huo ulikuwa na maana mbele ya karatasi. Sisi tumeurithi mbele ya skrini zinazoweza kuonyesha kurasa nzima kwa kufumba na kufumbua, na wanaoutetea leo kana kwamba ni adabu ya ufundi, wakimcheka mwalimu wa Arua aliyepoteza picha zake, ndio wanaoifanya Linux ichukiwe na watu wa kawaida.

Unaweza kuiamuru rm iulize kwa kuiandika rm -i. Hata hivyo, hilo halitoshi kuwa kinga. Picha ambayo iko mahali pamoja tu haijahifadhiwa. Iko njiani kupotea, iwe kwa rm, kwa mwizi au kwa chai iliyomwagika. Nunua diski ya nje.

Swali: Ninapoandika neno la siri katika terminali hakuna kinachoonekana. Je, kibodi imeharibika? (Jinja)

Haijaharibika. Terminali inaficha hata idadi ya herufi ili anayechungulia begani asiihesabu. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter.

Swali: Nina Windows na Linux kwenye kompyuta moja. Kila nikitoka Linux na kuingia Windows, saa inarudi nyuma. Betri ya ndani nimebadilisha mara mbili. (Mwanafunzi, Mbarara)

Aliyekuuzia betri ya pili alipaswa kukuuliza swali moja: saa inarudi nyuma kwa kiasi gani? Kama ni saa tatu kamili kila mara, betri haina kosa. Linux huhesabu kwamba saa iliyo ndani ya kompyuta inafuata saa ya dunia, UTC, kisha huongeza saa tatu za Afrika Mashariki inapokuonyesha. Windows nayo hudhani kwamba saa hiyo hiyo tayari ni ya Mbarara. Kwa hiyo ikiwa ni saa nane mchana, Linux huacha ndani ya kompyuta saa tano asubuhi, na Windows huamini inachokikuta.

Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwa upande wa Linux, nao utafuata desturi ya Windows. Linux yenyewe itakuonya kwamba mpangilio huo haupendekezwi, hasa kwa sababu ya nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa majira. Sisi hatusogezi saa mwaka mzima, kwa hiyo usiogope onyo hilo.

Swali: Nilinunua data ya wiki, nikaunganisha Ubuntu kwa simu, na kufikia jioni data yote ilikuwa imekwisha ilhali sikufungua video hata moja. Je, Linux inaiba? (Mfanyabiashara, Kasese)

Haiibi, ila ina tabia ya mgeni aliyezoea nyumba yenye chakula kisichoisha. Watengenezaji wengi wa mifumo hii huishi mahali ambapo intaneti hulipiwa kwa mwezi bila kuhesabiwa, na mipangilio yao inaonyesha hivyo. Katika Ubuntu kuna wanaokula data bila kukuuliza wasiopungua wawili: programu za aina ya snap, ambazo hujikagua mara kadhaa kwa siku na kujisasisha zenyewe, na masasisho ya usalama yanayopakuliwa nyuma ya pazia. Za kwanza zizuie kwa amri ya sudo snap refresh --hold. Ya pili yapunguze katika dirisha la masasisho kwa kuchagua yaonyeshwe tu badala ya kupakuliwa.

Ukishafanya hivyo, usikae mwaka mzima bila kusasisha kama wafanyavyo wengi wanaonisifia jibu hili. Mara moja kwa mwezi ibebe kompyuta hadi mahali penye wifi isiyohesabiwa, chuoni au ofisini kwa rafiki, na ufanye kazi hiyo kwa mkupuo. Jua pia tofauti ya amri mbili ambazo watu huzichanganya kila siku: apt update huleta orodha tu ya vilivyopo, na apt upgrade ndiyo inayoleta mzigo wenyewe.

Kama dukani una kompyuta mbili zenye toleo lile lile la Ubuntu, hakuna haja ya kulipia mzigo mara mbili. Katika ya kwanza tumia apt-get upgrade, kwa kuwa apt-get huacha vifurushi ilivyovipakua katika folda ya /var/cache/apt/archives, ilhali apt ya kawaida huvifuta baada ya kuviweka. Nakili faili zenye mwisho wa .deb kwa flashi, uziweke katika folda kama hiyo kwenye kompyuta ya pili, kisha endesha apt-get update na apt-get upgrade. Itapakua tu kile ilichokikosa.

Swali: Fomu za ofisi zinazoletwa kwa Word zikifunguliwa katika LibreOffice zinavurugika, ukurasa mmoja unakuwa miwili. (Entebbe)

Mara nyingi kosa ni la fonti. Hati iliyoandikwa kwa Calibri, katika kompyuta isiyo na Calibri, huvalishwa herufi nyingine zenye upana tofauti, na mistari yote husogea. Weka fonti ya Carlito, iliyochorwa ili kila herufi yake iwe na upana ule ule wa Calibri. Mwenzake Caladea hushika nafasi ya Cambria, na Liberation hushika nafasi za Arial na Times New Roman. Nusu iliyobaki ya tatizo ni ya aliyetengeneza fomu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini badala ya kuchora jedwali, na huyo hana dawa. Wewe unaporudisha hati iliyokamilika, tuma PDF.

Swali: Ni Linux ipi iliyo bora kuliko zote? (Wasomaji wengi mno)

Ile anayoitumia mtu anayekaa karibu nawe na anayepokea simu.

Swali: Fundi wangu ameniambia Linux haipati virusi, kwa hiyo nisijali ninachopakua. Ni kweli? (Gulu)

Badilisha fundi. Ni kweli kwamba virusi vya Windows vinavyozunguka kwenye flashi za vyuoni haviendeshwi na Linux, na hilo peke yake ni nafuu kubwa. Lakini simu za Android hutumia kerneli (kiini) ya Linux, na sidhani kuna msomaji ambaye hajasikia simu iliyovamiwa na programu mbaya.

Mwezi Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund aligundua kwamba xz, programu ndogo ya kubana faili inayokaa karibu katika kila Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Alianza kushuku kwa sababu kuingia katika kompyuta kwa njia ya ssh, inayotumika kuingia kutoka mbali, kulichelewa kwa takribani nusu sekunde. Mlango huo ulikuwa umekwisha kuingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, aina nyingine za Linux, ila Debian imara haikuguswa. Wanaokimbilia toleo jipya la kila kitu siku linapotoka na walikumbuke hilo.

Hatari yako wewe wa Gulu, hata hivyo, ni ya kawaida zaidi. Unatafuta suluhisho la printa, unakuta mtu usiyemjua ameandika mstari unaoanza na sudo, unaunakili na kuubandika bila kuusoma. Sudo maana yake ni kwamba umemkabidhi asiyejulikana funguo za nyumba, na mstari unaopakua faili kwa curl na kuikabidhi moja kwa moja kwa bash, programu inayotekeleza amri, ni kumkabidhi funguo ukiwa umefumba macho. Andika man kisha jina la amri, usome angalau aya ya kwanza. Ukisoma na usielewe, usiiendeshe.

Swali: Umeme ulikatika, na tangu hapo kompyuta inaishia kwenye skrini nyeusi yenye neno (initramfs). Fundi anataka kufuta kila kitu. (Mbale)

Asifute. Soma mistari iliyo juu ya neno hilo, utaona jina la sehemu ya diski yenye hitilafu, kwa mfano /dev/sda2, na ombi la kuendesha fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski. Andika fsck -y /dev/sda2, ukiweka jina uliloliona wewe na si hili langu, subiri imalize, kisha andika exit. Mara nyingi mfumo huwaka kama kawaida. Diski za ext4 (mpangilio wa faili wa Linux nyingi) huweka daftari la mabadiliko ili mpangilio wake usivunjike umeme ukikatika, lakini daftari hilo haliokoi barua uliyokuwa ukiiandika bila kuihifadhi. Hitilafu ikirudi hata bila umeme kukatika, diski inakufa, nawe unahitaji kunakili vitu vyako leo. Tena, laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa waya tu, ihesabu kuwa kompyuta ya mezani na uinunulie UPS au betri.

Swali: Je, naweza kuitumia Linux kwa Kiswahili? (Masaka)

Unaweza kwa sehemu. Kazi hii ina historia: mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi, na LibreOffice ya leo bado ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Mazingira ya madirisha yametafsiriwa vipande vipande, kwa hiyo utakutana na menyu zenye mistari mitatu ya Kiswahili na miwili ya Kiingereza. Utakapochagua eneo, utakuta sw_KE (Kiswahili cha Kenya) na sw_TZ (cha Tanzania), na hata lg_UG ya Kiganda imo, lakini sw_UG sikuiona katika orodha ya kompyuta yangu. Mimi nimechagua sw_TZ, na programu ya hesabu huandika bei zangu za sokoni Nakasero, Kampala, kwa shilingi ya Tanzania.