Hesabu ya Mitungi: Kwa Anayekuja Malindi Kusaidia Kujenga

Wengi wanaokuja kujitolea kwenye vijiji vya nyuma ya Malindi, kuanzia Ganda hadi Kakuyuni na Marafa, hufika na hamu ya kupandisha ukuta. Ukuta una mwenyewe, fundi mwashi. Kazi yako wewe ni maji. Ufa unaouona kwenye nyumba ambayo haijamaliza hata mwaka mara nyingi umeletwa na maji: yalizidi kwenye zege, yalipungua kwenye mawe, yalikuwa ya chumvi, au hayakumwagwa siku ya tatu, watu walipokuwa wamechoka. Hizo zote ni kazi za msaidizi, na fundi hata awe hodari vipi hawezi kuzifanya huku ameshika mwiko.

Kabla ya kufunga safari kuna mambo mawili. Ukitoka nchi nyingine, fahamu kwamba ruhusa ya kuingia Kenya kama mtalii haikubali kazi, hata isiyo na malipo. Wenyeji wako wakuombee kibali mapema kwenye Idara ya Uhamiaji. La pili ni ardhi, na hili uliulize hata kama wewe ni msaidizi tu. Pwani hii imejaa familia zilizokaa mahali kwa vizazi bila hati, na wengine wana nyumba zao juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kumjengea maskini nyumba ya mawe kwenye ardhi isiyo yake ni kumjengea mwenye hati. Uliza hati iko kwa jina la nani, na kama ardhi ni ya ukoo, maafikiano yaandikwe mbele ya chifu na wazee. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, afadhali familia hiyo isaidiwe nyumba ya udongo nzuri, au paa la mabati linaloweza kufunguliwa na kuhamishwa.

Sasa tuje kwenye mtungi. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ndio kipimo cha mradi mzima. Chukua nyumba ya vyumba viwili, mita 6 kwa 4. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 2.4. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, itakula mifuko kama 15 ya kilo 50. Mfuko mmoja unataka takriban lita 25 za maji ikiwa mchanga ni mkavu, na chini ya hapo ukiwa na unyevu. Hiyo ni mitungi 19. Wageni wengi huishia hapo kwenye hesabu, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu sakafu hiyo lazima ibaki na unyevu siku 7. Ukiifunika magunia na kumwagia lita 3 kwa kila mita ya mraba, asubuhi na jioni, unatumia mitungi 7 kwa siku, karibu 50 kwa wiki. Kumwagilia kunakula maji zaidi ya mara mbili ya kuchanganya.

Maji hayo yatatoka wapi? Kijijini wanaoteka ni akina mama na wasichana. Mradi ukichota kwenye bomba lao, foleni inarefuka, na mama unayemjengea ndiye anayelipa kwa mgongo wake. Maji ya mradi yaagizwe kwa mkokoteni au lori, yawe na fungu lake la fedha, na mapipa ya lita 200 yajazwe jana yake. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Yaonje: maji ambayo hungeyanywa kwa ladha yake usiyatie kwenye zege lenye nondo. Chumvi huilisha nondo kutu, kutu huvimba, na lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, hupasuka kutoka ndani. Maji ya bomba ya Malindi hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na hayo yanafaa.

Mchanga nao ni hivyo hivyo. Wa ufukweni uko bure na karibu, na ndiyo maana mtu atakushawishi. Kataa. Tumia wa mto au wa machimbo ya bara, kisha uupime: jaza chupa ya kuona ndani sentimita 10 za mchanga, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uiache itulie kwa muda wa saa tatu. Tope linalotulia juu ya mchanga lisizidi nusu sentimita hivi. Likizidi, mchanga uoshwe au urudishwe kabla lori halijaondoka.

Mawe yetu ni ya matumbawe, yaliyokatwa timbo, yaani kwenye machimbo ya mawe. Ni mepesi, yanachongeka kwa shoka, na yana matundu mengi yanayonyonya maji. Hii ndiyo tabia moja ambayo mtu aliyezoea matofali ya bara hana budi kuijua. Ukiweka jiwe kavu juu ya udongo wa saruji, ule mchanganyiko wa kushikanisha mawe, jiwe hunywa maji yote kabla saruji haijashika, na unachobaki nacho ni unga wa kijivu unaokwanguka kwa kidole. Kwa hiyo kila jiwe lichovywe kwenye pipa mpaka viputo viishe, litolewe, lisimame dakika chache lichuruzike, ndipo apewe fundi. Likifika linatiririka, nalo litateleza na safu itapinda. Anayesimama kwenye pipa asibadilishwe kila nusu saa kwa ajili ya picha. Mkono ukishazoea, uachwe hapo.

Idadi ya mawe uihesabu mwenyewe, usikubali kukisia. Pima mawe kumi, upate wastani. Jiwe la inchi 9 kwa 15, pamoja na nafasi ya udongo, linaziba kama sehemu ya kumi ya mita ya mraba, yaani mawe 10 kwa mita moja. Nyumba yetu ina kuta za nje mita 20 na ya kati mita 4, kimo mita 2.4. Ukitoa milango miwili na madirisha matatu inabaki mita za mraba kama 51. Agiza mawe 560, kwa kuwa moja kati ya kumi litavunjika njiani au kwenye kukata pembe.

Kwa udongo wa kujengea tunapendelea saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Wapo wanaoona chokaa ni ushamba na kutaka saruji tupu, tena kali. Jiwe la matumbawe ni laini. Udongo ukiwa mgumu kuliko jiwe, nyumba ikitikisika kidogo ni jiwe litakalopasuka. Ukitaka ushahidi nenda Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, uangalie kuta za matumbawe na chokaa zilizosimama karne kadhaa. Chokaa inaunguza macho, basi vaa miwani na glavu, na maji safi ya kuoshea yawe karibu.

Kuhusu zege lenyewe, kosa la msaidizi ni huruma. Anaona wenzake wanatoka jasho na beleshi, anaongeza mtungi ili likorogeke kirahisi. Maji yanayozidi hukauka na kuacha vitundu, na zege hupoteza nguvu. Finyanga kidogo kiganjani: likae donge bila kutiririka. Kipimo kiwe sanduku la mbao la sentimita 35 kwa 35, kimo 28, ambalo ni karibu mfuko mmoja wa saruji; mabeleshi hayalingani baina ya mtu na mtu. Na zege lililokaa juani zaidi ya saa moja lisifufuliwe kwa maji. Litupwe, hata ikiuma.

Si kila familia itapata mawe, na nyumba ya udongo isidharauliwe. Hapa utaratibu ni kinyume: nguzo, fito, kisha paa, ndipo kukandika, ili udongo ukauke kivulini na mvua isiubomoe. Nguzo za mvinje zichimbiwe futi 2, na sehemu ya chini ichomwe moto juu juu au ipakwe oili chafu, maana mchwa wa huku hawana subira. Boriti za mikoko ni bora zaidi, lakini muuzaji aonyeshe kibali cha Huduma ya Misitu. Chini ya ukuta weka mawe hadi sentimita 40, kwa kuwa matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini ndiyo hula ukuta, mengi kuliko yanayotoka juu. Udongo ukandwe kwa miguu, ulale usiku kucha. Mkando wa kwanza utapasuka, usishtuke. Ukishakauka kabisa, unyunyizie maji, kisha upake wa pili wenye mchanga zaidi. Ukiruka kule kunyunyizia, mkando wa pili utabanduka kama ganda.

Msimu nao una neno. Masika ni Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo nzito. Usipange msingi wakati huo. Julai hadi Septemba kuna ubaridi kidogo na zege halikauki haraka. Januari hadi Machi upepo wa kaskazi unakausha kila kitu, kwa hiyo ongeza mitungi ya kumwagilia. Kazi ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, isimame saa tano, irudi saa tisa. Ijumaa mchana mafundi Waislamu wako msikitini, na mwezi wa Ramadhani mpangilio wote unabadilika. Chanjwa pepopunda kabla hujaja, na lala ndani ya chandarua.

Fundi mwite fundi, hata ukimzidi umri. Mama wa nyumba huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wazee wape shikamoo kabla ya kuuliza lolote. Na tunasisitiza hili: fundi na vibarua wa kijiji walipwe kikamilifu. Kikundi cha watu 12 wanaobeba mawe bure kinaweza kumnyima kijana wa pale wiki mbili za ujira. Kama mama anawapikia, naye alipwe.

Paa likiwa la mabati, fundi aanzie upande ulio mbali na upepo wa kusi ili maungio yasifunuliwe, misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, na makombamoyo, zile mbao zinazobeba paa, yafungwe ukutani kwa waya. Kisha usiondoke bila kuweka mifereji. Paa la mita za mraba 35, mvua ya milimita 10 tu, linamwaga lita 350. Hata ukipoteza theluthi, ni mitungi 11 ambayo mama hakuibeba kichwani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, imeosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na tangi likae juu ya msingi, koki yake iwe sentimita 50 kutoka chini, mtungi upate kusimama wima.