Maswali na Majibu: Marejeleo ya Tasnifu kwa Kutumia Zotero

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili na tasnifu yangu ina vyanzo 140, vyote nimevichapa kwa mkono. Msimamizi wangu amenirudishia sura zote tano kwa sababu zipo kazi nilizozitaja katika matini ambazo hazimo katika orodha ya marejeleo, na nyingine zimo katika orodha ilhali sikuzitaja popote. Nimebakiwa na wiki tano. Wenzangu wananitajia Zotero, Mendeley na EndNote. Nichague ipi, na je, muda unatosha? Intaneti yangu ni ya bando la simu.
*Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Muda unatosha, na ushauri wangu ni Zotero, programu ya kompyuta ya kutunza vyanzo na kuandika marejeleo. Programu hii ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia, Marekani. Hailipiwi, na taarifa zako zote hukaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuandika usiku kucha bila bando na bado ukaweka rejea zako. Intaneti utaihitaji tu unapovuta taarifa za kitabu au makala mpya. Ile nafasi ya bure ya MB 300 ambayo watu huilalamikia inahusu mafaili, kama vile PDF, yanayohifadhiwa kwenye seva zao. Ukiyaacha mafaili hayo kwenye kompyuta yako, kikomo hicho hakikuhusu. Mendeley, ambayo tangu mwaka 2013 ni mali ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier, nayo ni ya bure, ila lazima ufungue akaunti kwao. EndNote huuzwa, na kama chuo chako hakijailipia sioni sababu ya mwanafunzi kuinunua.

Kasoro aliyoiona msimamizi wako hutoweka kwa sababu orodha ya marejeleo haichapwi tena na mtu. Kila rejea unayoiweka ndani ya matini kupitia programu hujiandikisha katika orodha, na ukiifuta mahali pote ilipotajwa, hutoka. Jambo hili ni kweli kwa sharti moja, nalo ndilo linalowaangusha wengi: pasibaki hata rejea moja iliyochapwa kwa mkono. Unganisha kwanza sura zote tano katika faili moja, kwa kuwa sura zilizotengana hutoa orodha zilizotengana. Kisha itafute alama ya kufungua mabano kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kila unapokuta rejea ya zamani uifute na kuweka ya programu. Faili likianza kuwa zito, zima usasishaji wa papo kwa papo katika mipangilio ya hati, uendelee na kazi, na usasishe rejea zote kwa pamoja unapopumzika.

Kazi kubwa iko kabla ya hapo, katika kuingiza vyanzo, na hapo sitaki ukimbie. Kitabu chenye ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, unaweza kukiingiza kwa kuandika namba hiyo tu, programu ikatafuta taarifa zake katika katalogi za mtandaoni. Lakini vitabu vyetu, ambavyo ISBN zake baada ya tarakimu za mwanzo 978 hufuatiwa na 9976 au 9987 kwa Tanzania na 9966 kwa Kenya, mara nyingi havimo katika katalogi hizo, au vimo na makosa. Vichukue mkononi, fungua ukurasa wenye jina la kitabu na ule wa nyuma yake, uandike mwenyewe mwandishi, mwaka, jina la kitabu, toleo, mahali na mchapishaji. Makala unayoivuta kutoka Google Scholar nayo uikague vivyo hivyo, maana nimekuta nyingi zisizo na namba ya jarida wala kurasa. Programu hainakili kitabu, hunakili kile ulichoiandikia. Kosa moja likiingia maktaba litajirudia kila unapolitumia. Hata ukitumia dakika 5 kwa kila chanzo, vyanzo 140 ni saa 11 na dakika 40, yaani siku mbili za kazi ya utulivu.

Jambo la mwisho kwako: kila jioni funga programu, kisha nakili folda nzima inayoitwa Zotero kwenye flashi. Usiihamishie folda hiyo ndani ya huduma ya mtandaoni inayojisawazisha yenyewe kama Dropbox, kwa sababu hifadhidata yake inaweza kuharibika. Nimewahi kumpokea ofisini mwanafunzi aliyeibiwa kompyuta mpakato ikiwa na kila kitu, na sikuwa na la kumsaidia zaidi ya kuanza naye upya.

SWALI: Mwalimu, ninaandika tasnifu ya uzamivu kwa Kiswahili. Zotero imeniandikia "Taifa, B. la K. la" badala ya Baraza la Kiswahili la Taifa, jina la Ngũgĩ wa Thiong'o linatokea kwa namna tatu, na mtindo wa Chicago unaweka herufi kubwa katika kila neno la majina ya vitabu vya Kiswahili, hata "Ya" na "Za". Tena kila mahali nasoma "and" na "et al." Nifanyeje?
*Mhadhiri msaidizi, Eldoret*

JIBU: Programu hizi zimejengwa juu ya dhana kwamba kila mwandishi ana jina lake na jina la ukoo linalofuata nyuma. Taasisi haina jina la ukoo. Pembeni mwa nafasi ya mwandishi kipo kitufe kidogo kinachobadili nafasi mbili kuwa moja. Kibonyeze, uandike jina zima la taasisi, nalo halitakatwa tena. Mfanyie hivyo hivyo Ngũgĩ wa Thiong'o, kwani "wa Thiong'o" linamtaja baba yake, wala si jina la ukoo kwa maana ya Kizungu, na katalogi ya Library of Congress yenyewe humworodhesha chini ya Ngũgĩ. Zile namna tatu zimetoka katika maktaba yako: umemwingiza mara tatu kwa maandishi tofauti, na programu inaamini ni watu watatu. Kwa taasisi, fuata jina lililo kwenye kitabu chenyewe. Kitabu kilichotoka kwa jina la TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) kibaki na TUKI, ingawa tangu mwaka 2009 tuna TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili).

Herufi kubwa zinaondoka ukijaza nafasi ya lugha. Andika "sw" kwa kila chanzo cha Kiswahili, na programu itaacha kukifanyia kanuni za majina ya vitabu vya Kiingereza. Nafasi hiyo wengi huiacha tupu, nami naiona kuwa ya lazima kwa yeyote anayeandika kwa lugha yetu.

Kuhusu "and" na "et al.", tazama kwanza lugha ya hati katika mipangilio. Usipokiona Kiswahili hapo, subiri hadi tasnifu ikubaliwe na msimamizi. Tengeneza nakala ya faili, kata kiungo kati ya rejea na programu katika nakala hiyo tu, ndipo ubadilishe: "na" mahali pa "and" au "&", "na wenzake" mahali pa "et al.", "kur." mahali pa "pp." Idhinisha badiliko moja baada ya jingine, usije ukaingiza "na" katikati ya jina la kitabu cha Kiingereza. Faili lenye viungo hai lihifadhi, kwa kuwa watahini watakutaka marekebisho.

SWALI: Nimewahoji wazee 12 kuhusu istilahi za uvuvi. Je, niwaweke katika Zotero na katika orodha ya marejeleo? Chuo chetu kinatumia mtindo wa marejeleo wa APA.
*Mtafiti, Pemba*

JIBU: Katika orodha, hapana. Toleo la 7 la APA linatenganisha mambo mawili. Mzee uliyemhoji kwa ajili ya utafiti wako ni mtoataarifa, na maneno yake ni data yako: unayanukuu ndani ya sura ya uchambuzi na kueleza yametoka kwa nani, kwa jina la siri au kwa namba kama mlivyokubaliana, bila kumweka katika marejeleo wala kumwita mawasiliano binafsi. Mawasiliano binafsi ni ya mtu uliyemuuliza jambo nje ya utafiti, mathalani mtaalamu aliyekujibu kwa barua pepe. Huyo hutajwa ndani ya matini pamoja na tarehe, basi. Ni mahojiano yaliyokwisha kuhifadhiwa mahali ambapo msomaji anaweza kuyafikia, kama vile kwenye nyaraka za maktaba, yanayoingia katika orodha.

Kwa hiyo unaweza kuyaweka mahojiano yako 12 ndani ya Zotero, katika mkusanyiko wake peke yake, ili tarehe na mahali visipotee, lakini usiyaingize katika matini kupitia programu, maana yatajiorodhesha. Idara yako ikitaka majina ya watoataarifa, yaende kwenye kiambatisho, na kwa ridhaa ya wazee wenyewe.